Chakula salama hakitengenezwi maabara

Kila ninapopokea wataalamu wapya wa usalama wa chakula huwa naanza na habari ya kabichi. Mwaka 1981, katika majimbo ya mashariki mwa Kanada, wajawazito walikuwa wakiharibikiwa mimba na watoto wakizaliwa na maambukizi makali, na hakuna aliyejua yanatoka wapi. Wagonjwa walipohesabiwa walikuwa 41, na 34 kati yao ni wa uja uzito na uzazi. Wachunguzi walifuatilia vyakula vyao hadi wakafika kwenye saladi ya kabichi, na kutoka hapo wakafika kwa mkulima aliyekuwa pia na kondoo. Kondoo wake wawili walikuwa wamekufa kwa ugonjwa wa listeria. Samadi ya kundi hilo ndiyo iliyorutubisha shamba. Baada ya mavuno kabichi ziliwekwa kwenye banda la baridi kwa miezi kadhaa, na humo ndimo bakteria waliotoka shambani walipopata nafasi ya kuongezeka, maana Listeria monocytogenes huendelea kuzaliana hata kwenye nyuzijoto zinazokaribia sifuri.

Bakteria huyo alikuwa ameshaelezwa tangu 1926, alipogunduliwa kwa sungura wa maabara huko Cambridge, Uingereza. Ilichukua zaidi ya nusu karne, na watoto wa wenyewe, mpaka ikathibitika kwamba binadamu humpata kwa kula.

Kinachonishika mpaka leo ni kwamba katika mnyororo ule wote hakuna aliyefanya jambo la ajabu. Mkulima alitumia samadi kama wakulima wengine wanavyofanya. Mwenye ghala aliweka kabichi kwenye baridi zisioze. Waliokata saladi walikata. Kila mmoja alitimiza wajibu wake, na hatari ikapita katikati yao, pale kazi ya mmoja inapoishia na ya mwingine inapoanzia. Usalama wa chakula, nilivyouona mimi kwa miaka yote niliyoufanyia kazi, unaamuliwa hapo, kwenye maungio. Maabara inakuja nyuma sana.

Nalisema hili nikiwa mtu wa maabara. Niliingia kwenye mikrobiolojia, elimu ya vijidudu, kwa kuipenda benchi, na bado naipenda. Unapima gramu 25 za chakula, unazitia kwenye mchuzi wa kuoteshea, unafunga, unaacha usiku upite. Mchuzi wa Fraser ni wa rangi ya manjano iliyofifia. Kukiwa na listeria hugeuka mweusi, maana bakteria hao huvunja kemikali ya eskulini iliyomo. Kesho yake unahamishia tone kwenye sahani ya agari, yaani utelezi mgumu wa kuoteshea, na keshokutwa unaona vijikoloni vya kijani-buluu vyenye duara jeupe la ukungu pembeni. Kuna utulivu mkubwa katika kazi hiyo. Jibu linajitokeza mbele ya macho yako, na huwezi kulilazimisha lije haraka.

Shida ni kwamba watu wakishaona jibu wanadhani limesema zaidi ya lililosema. Msimamizi anaposoma "haijaonekana" kwenye ripoti, anachosikia ni "chakula ni salama". Hapo ndipo takwimu inapomtofautisha mwanamikrobiolojia na fundi wa kuotesha bakteria. Tuseme shehena ya mboga za majani imechafuka kwa asilimia 1, yaani katika kila pakiti mia, moja ina vimelea. Ukichukua pakiti 60 na kuzipima zote, uwezekano wa kuigundua shehena hiyo ni kama asilimia 45. Zaidi ya nusu ya nyakati utaandika hakuna kitu, na mzigo utaondoka. Ukitaka kufikia asilimia 95, itakubidi upime karibu pakiti 300, na pakiti iliyopimwa haiuzwi tena. Uchafuzi ukiwa pakiti moja kwa elfu, sampuli zako 60 zitaugundua mara sita tu katika mia. Mwenye kikokotoo anaweza kuhakiki mwenyewe: zidisha 0.99 kwa yenyewe mpaka zitimie 60, uone kinachobaki, yaani uwezekano wa kukosa. Nimeifanya hesabu hiyo mbele ya wakurugenzi, wakaguzi na wanafunzi, na mara zote kuna anayenyamaza kidogo kisha akauliza, "Sasa tunapima ya nini?"

Tunapima ili kujua kama udhibiti wetu unafanya kazi. Tukipima ili kuchuja kilicho kibaya tuuze kilichobaki, tumejidanganya. Miaka ya 1960 waliokuwa wakiandaa chakula cha wanaanga wa Marekani, yaani kampuni ya Pillsbury, shirika la NASA na maabara za jeshi za Natick, walikwama palepale: ili kuhakikisha kwa vipimo kwamba chakula hakitamdhuru mtu angani, wangekimaliza sehemu kubwa kwa kukipima. Wakageukia hatua za utengenezaji zenyewe, wakiuliza kila hatua inaweza kuleta hatari gani na izuiweje hapohapo. Mfumo huo ndio HACCP tunaoujua leo, yaani uchambuzi wa hatari na udhibiti wa hatua muhimu, ambao mwongozo wake ulipitishwa na Codex Alimentarius, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, mwaka 1993. Umeandikwa kwenye mafaili ya viwanda vingi mno. Kuuishi ni habari nyingine.

Aliyenitoa benchi hasa ni mkulima mmoja wa mboga, mtu mzima. Nilikuwa nimeinama kwenye tuta, nimevaa glavu, natia majani kwenye mifuko ya sampuli, akasimama juu yangu akasema: "Mwanangu, kila msimu mnakuja kuchukua majani. Maji yanayoyamwagilia hamjawahi kuniuliza yanapita wapi." Nikamwomba anionyeshe. Tukaufuata mfereji kwenda juu, yeye mbele. Mahali fulani kingo zilikuwa zimebomoka, udongo umekuwa tope, na kwenye tope kumejaa alama za kwato, nyingine zikiwa na maji bado. Ndama wa jirani walikuwa wakivuka hapo asubuhi na jioni. Chini kidogo ya kivuko hicho ndipo pampu ilipovutia maji, na maji hayo yalirushwa hewani yakidondokea moja kwa moja kwenye majani yanayoliwa mabichi.

Ng'ombe hubeba bakteria E. coli aina ya O157:H7 utumboni bila kuumwa. Aina hiyo ilitambuliwa mwaka 1982, na mwaka 1993 iliwafanya zaidi ya watu 700 magharibi mwa Marekani waugue kwa nyama ya kusaga isiyoiva, watoto wanne wakafa. Nyama unaweza kuipika ikaiva. Saladi haipikwi, kwa hiyo kinga yake yote iko shambani. Hatukuhitaji mtambo wowote wa ghali pale: kivuko kiliwekewa uzio, pampu ikahamishiwa juu ya kivuko, na mkulima akabadilisha umwagiliaji kwenye sehemu ya shamba kuwa wa matone, maji yakafika kwenye mizizi bila kugusa majani. Penye mirija ya zamani ya kurushia maji alikubali kusimamisha maji siku chache kabla ya kuvuna, jua na ukavu vipunguze bakteria waliobaki juu ya majani. Sampuli zangu za majani zisingeniambia lolote kati ya hayo.

Kuanzia hapo nilijenga tabia ya kutembea na chakula. Kinapotoka, kinapooshwa, kinapopozwa, kinaposubiri. Maji hasa nimeyapa muda wangu mwingi, kwa sababu yanaaminiwa kupita kiasi. Mwaka 1999 kulitokea Marekani mlipuko wa ugonjwa wa bakteria Salmonella uliofuatiliwa hadi kwenye maembe kutoka Brazil. Maembe hayo yalikuwa yakizamishwa kwenye maji ya moto ili kuua mayai na funza wa nzi wa matunda, kisha yanapozwa kwenye maji ya baridi. Tunda la moto likiingia kwenye maji ya baridi, hewa iliyomo hunywea na tunda hunyonya maji, hasa kupitia kwenye kovu la kikonyo. Maji yakiwa na vimelea, vinaingia hadi ndani ya nyama ya tunda, mahali ambapo hakuna kuosha kutakakovifikia. Wataalamu wa wadudu walitatua tatizo lao vizuri. Ila hawakuwa wameketi na sisi, wala sisi na wao. Ndiyo maana tunashauri maji ya kuzamishia matunda ya namna hiyo yawe na joto la juu kuliko tunda kwa nyuzi tano au zaidi kidogo, na yawe safi toka mwanzo.

Klorini nayo inaeleweka vibaya. Wengi hudhani inatiwa ili kuua bakteria walioko kwenye mboga. Kwa wale walioshika jani barabara, inafanya kidogo sana. Kazi yake kubwa ni kuzuia maji ya kuoshea yasihamishe uchafu wa jani moja kwenda kwa mengine elfu. Nayo huishiwa nguvu haraka udongo na utomvu wa majani vikijaa majini, au pH, kipimo cha asidi ya maji, ikipanda sana. Nimekuta matangi ambayo daftari lake linaonyesha klorini ilitiwa alfajiri kwa kipimo sahihi, ilhali kufikia saa nne maji yalikuwa mazito na klorini iliyobaki haifiki popote.

Viwandani nimejifunza mengi zaidi kwa watu wa usafi wa usiku kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Kiwanda kimoja kilichokuwa kikifunga vyakula vilivyo tayari kuliwa kilikuwa kikipata listeria kwenye mkanda wa kusafirishia, ikipotea wiki kadhaa na kurudi. Mchana mashine ziling'aa. Niliomba kuingia zamu ya usiku, nikamkuta mama mmoja aliyekuwa ameosha mkanda ule kwa miaka mingi kuliko wasimamizi wake wote walivyokaa pale. Nikamuuliza ni sehemu gani hawafikii. Hakufikiri hata kidogo. "Roli za chini, Dokta. Zina uwazi ndani. Anayezifungua ni fundi, na fundi usiku hayupo."

Tulimwita fundi. Alipotoa kifuniko cha roli ya kwanza, kilitoka kikombe kizima cha maji ya kijivu yenye vipande vya majani vilivyolainika, na harufu ya kitu kilichokaa sana. Nilipangusa kwa sponji ndani ya bomba lile. Mchuzi wake ulikuwa mweusi kesho yake asubuhi. Roli ilipozunguka mchana, matone yalitoka kidogokidogo kwenye ufa wa kifuniko na kuingia kwenye mkanda. Bakteria walikuwa wamejijengea utando humo ndani, ambao dawa inayomwagwa juu juu haiufikii. Roli zote zikabadilishwa kwa zile zisizo na uwazi. Yule mama alikuwa amelisema jambo hilo siku nyingi nyuma, akaambiwa amalizie kazi yake. Linaniuma hilo kuliko bakteria wenyewe. Mtu mwenye maarifa ambayo mimi nililipwa kuyatafuta alikuwa pale kila usiku, na hapakuwa na fomu yenye nafasi ya kuandika alichokijua.

Teknolojia imetusaidia sana. Siku hizi tunasoma vinasaba vyote vya bakteria na kuwalinganisha: wa mgonjwa, wa chakula, wa mfereji wa kiwanda. Afrika Kusini, kati ya 2017 na 2018, ilipata mlipuko mkubwa kuliko wote wa listeria uliowahi kurekodiwa, wagonjwa 1,060 na vifo 216 vinavyojulikana, na usomaji wa vinasaba ndio uliounganisha wagonjwa waliotawanyika nchi nzima na nyama za kusindikwa zilizo tayari kuliwa. Listeria anaweza kukaa mwilini hadi siku 70 kabla mtu hajaugua. Nani anakumbuka alichokula miezi miwili iliyopita? Vinasaba vinakumbuka. Lakini vinakueleza ni bakteria yuleyule. Kwa nini yuko pale, lazima mtu ashike tochi akachungulie.

Kuhusu kusema hadharani, mwalimu wangu mkubwa amekuwa mlipuko wa Ujerumani wa mwaka 2011. Karibu watu 4,000 waliugua na zaidi ya 50 wakafa kwa E. coli O104:H4. Mwishoni mwa Mei ilitangazwa kwamba matango kutoka Hispania yanashukiwa. Hayakuwa yenyewe. Wakulima walitupa mazao, masoko yakafungwa, na siku zile zote chanzo halisi, mbegu za uwatu zilizochipushwa, kiliendelea kuliwa. Waliohojiwa mwanzoni wengi hawakukumbuka kula chipukizi, kwa sababu zilikuwa zimenyunyizwa tu juu ya chakula. Njia ilifunguka wachunguzi walipokwenda mgahawani, wakachukua orodha ya vyakula walivyoagiza wateja, kisha wakamuuliza mpishi kila sahani ilitiwa nini. Mbinu rahisi, ya adabu, inayomheshimu mpishi kama shahidi. Niliponaswa mimi katikati ya waandishi wa habari na wakuu wanaotaka jina la chakula kabla ya saa ya taarifa, nilisema tunachokijua na hatua inayofuata, basi. Kukaa kimya kunaua watu; kutaja ovyo nako kunaua watu, na juu yake kunafilisi wasio na hatia.

Sumukuvu nayo imenifundisha unyenyekevu wa namna yake. Mwaka 1960 zaidi ya batamzinga 100,000 walikufa Uingereza, na sababu ikapatikana kwenye mashudu ya karanga: sumu ya fangasi, tuliyoiita baadaye aflatoksini. Haionekani, haina ladha, kupika hakuiondoi, na kwa muda mrefu husababisha saratani ya ini. Kwa dozi kubwa huua kwa siku chache. Nchini Kenya mwaka 2004 waliugua watu 317 na 125 wakafariki, kwa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Na ukitaka kuipima, inakucheka. Punje chache zinaweza kubeba sumu yote ya gunia, jirani zao zikiwa safi kabisa, kwa hiyo mikono miwili iliyochota gunia lilelile huleta majibu mawili yasiyofanana. Mwanafunzi wangu aliwahi kurudia kipimo hicho mpaka akaingiwa na woga kwamba mashine imeharibika. Mashine ilikuwa nzima. Gunia ndilo lilivyo. Kilichookoa watu popote nilipofanya kazi hiyo ni kuvuna kwa wakati, kutoanika juu ya udongo mtupu, kukausha hadi unyevu wa karibu asilimia 13, kuchambua punje zilizovunjika, na siku hizi kutawanya shambani, kabla mazao hayajatoa maua, fangasi wa jamii ileile wasio na uwezo wa kutengeneza sumu, wawahi nafasi.

Wanaotaka kuingia kwenye kazi hii huniuliza wasome nini. Takwimu, kwa kweli, kuliko wanavyopenda. Na uandishi. Ripoti yangu bora kuliko zote ilikuwa na sentensi mbili na mchoro wa mfereji. Ilisomwa na kutekelezwa siku hiyohiyo, wakati andiko langu refu juu ya jambo lilelile lilikuwa limelala kwenye meza ya mtu. Na wajue mapema kwamba mafanikio yao hayataonekana. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2015 kwamba kila mwaka watu milioni 600 huugua kwa chakula na 420,000 hufa, na kwamba watoto chini ya miaka mitano ni 125,000 kati yao. Mtoto ambaye hakuugua kwa sababu pampu ilihamishwa hana jina, na hakuna atakayekuja kukushukuru kwa ajili yake. Mimi huwa namfikiria hata hivyo.

Kilichobaki kigumu kwangu ni viwanda vinavyoogopa kukuta bakteria. Nimefanya kazi na kimoja ambacho wafanyakazi walipewa bonasi kila mwezi uliopita bila jibu chanya, yaani bila bakteria kukutwa. Matokeo yake sponji zilipangusa ukuta uliokauka, kona iliyooshwa punde, mahali popote pasipo na maji. Karatasi zilikuwa safi mwaka mzima. Nilipinga kwa nguvu, tukabishana kwa muda mrefu, mpaka bodi ikakubali kugeuza kipimo: bonasi ikafuata idadi ya maficho yaliyogunduliwa na kuzibwa, na muda uliopita kati ya kugunduliwa na kuzibwa. Majibu chanya yalipanda ghafla, kama nilivyowaambia yatapanda, na mkurugenzi wa fedha akanipigia simu kwa hofu. Nikamwomba asubiri. Timu ya usafi ikaanza kuleta sponji wenyewe, wakiandika kwa mkono pembeni mwa fomu walikotoa: chini ya mguu wa mizani, ndani ya mpini wa ngazi, kwenye gurudumu la toroli linalotoka chumba cha mazao mabichi kwenda chumba cha kufungia. Gurudumu hilo ndilo lililokuwa na aina ileile ya listeria ambayo vinasaba vilikuwa vinatuonyesha kila mara, mwaka baada ya mwaka. Vyumba viwili sasa vina matoroli tofauti, yamepakwa rangi mbili, na aina ile haijaonekana tena kwenye sampuli zetu, ingawa bado tunaitafuta kila wiki.